Miti Mitano, Vijumba Vitano

Barua ya kampuni ya nyumba ilipofika, Dafrosa aliisoma mara tatu, na kila mara alianzia juu kabisa kwenye tarehe. Ndivyo alivyofundishwa na masista kule Karagwe: barua husomwa yote, hata pale inapokuchosha, maana mwandishi mjanja huweka neno lake mahali ambapo msomaji ameshachoka. Shule yenyewe aliishia darasa la saba. Lakini la saba la masista, alipenda kusema, halikuwa na mchezo.

Barua ilisema miti mitano ya uani itakatwa. Ni ile miti myeupe ambayo Waswidi huiita björk, iliyosimama mbele ya jengo lao hapo Husby tangu kabla Dafrosa na marehemu mumewe hawajahamia. Miti imezeeka, barua ilisema, inaangusha matawi, na mahali pake patajengwa banda la baiskeli na maegesho ya magari manne. Siku ya kukata ni Jumatano, tarehe kumi na tano Aprili. Kampuni inawashukuru wapangaji kwa kuelewa.

"Kuelewa nini?" Dafrosa aliiuliza karatasi. "Nani ameniuliza?"

Kikao kilikuwapo, hilo hawezi kulikana. Kilifanyika Novemba, kwenye ukumbi wa chini, naye alikwenda. Kijana wa kampuni, Liam jina lake, shati lake limenyooka kama la harusi, aliwaonyesha picha ukutani. Dafrosa alinyoosha mkono akauliza kwa nini banda lisijengwe upande wa pili, ambako hakuna kitu ila nyasi. Yule kijana alimjibu polepole, neno moja moja, kama anayemlisha mtoto uji. Kisha akamwinamia, akamuuliza kwa upole kama nyumbani kwake kuna mtu wa kumsomea barua zikija.

Dafrosa alikuwa amewahudumia wazee wa nchi hii miaka ishirini na miwili. Amewaogesha, amewasomea magazeti yao kwa lugha yao, amewafumba macho walipokata roho. Alimtazama Liam kidogo, akaketi, asijibu neno. Anayemjua Dafrosa angemnong'oneza yule kijana kwamba mama huyu akipayuka, salama. Akinyamaza, ufunge mkanda.

Basi mara ya tatu ya kuisoma ile barua, kidole kikitambaa chini ya kila mstari, alifika chini ya sahihi, kwenye herufi ndogo kama sisimizi. Hapo paliandikwa kwamba mti wowote utakaokutwa siku hiyo na ndege anayejenga au kulea ndani yake hautaguswa mpaka Agosti.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena, akaurudia mstari ule. Kisha akafanya ishara ya msalaba, akaenda kufungua kabati la roshani, mahali vilipokuwa vifaa vya marehemu.

Mtu anaweza kuuliza, miti tu, yote haya ya nini? Ajibiwe. Mumewe, Kasiani, alikuwa fundi wa mabasi, mtu wa kutembea, mtu wa kucheka na jirani ghorofa tatu chini. Ugonjwa ulipomlaza, daktari aliwaambia wazi kwamba Februari hataivuka. Dafrosa alikisogeza kitanda dirishani. Mbele ya dirisha lile umesimama mti wa tatu, karibu kiasi kwamba matawi hugusa kioo upepo ukivuma. Kasiani akaanza kutazama ndege. Akawapa majina ya ndugu zake. Yule mnene ni baba mdogo, yule anayewafukuza wenzake kwenye punje ni shangazi, mwogope. Kila asubuhi alitaka kuinuliwa mito aone nani amekuja. Februari ikapita, Machi ikapita. "Kama si mti huu, mke wangu," alimwambia siku moja, "ningekwisha siku nyingi." Alikwenda Mei, majani yameshafunguka. Ile miezi mitatu Mungu aliipitisha kwenye mti. Dafrosa hakuwa na namna nyingine ya kuielewa, na hakuitafuta.

Alianza kazi ya kuwajengea ndege vijumba Jumatano ya Majivu, akaifanya kuwa mfungo wake wa Kwaresima. Mbao zilitoka kwa Deo, mdogo wa marehemu, anayefanya kazi ghalani kule Jordbro, ambako mbao za kupakilia mizigo hutupwa kila siku. Deo alizipakata kwenye treni mpaka mjini, kisha kwenye reli ya buluu, treni ya chini ya ardhi, mpaka Husby, akaingia mlangoni amejaa vumbi na manung'uniko.

"Shemeji, kuna bibi ameniuliza kama natengeneza jeneza la paka."

"Ungemwambia ni lako."

Hivyo ndivyo walivyozoea kusemezana, na Kasiani alipokuwa hai alikuwa akiwasikiliza na kutikisika kwa kicheko.

Alifanya kazi juu ya meza ya jikoni, kanga kuukuu imetandikwa chini ikikinga unga wa mbao. Alipima kwa futi, akachora kwa penseli, akakata kwa msumeno wa mkono, akatoboa kwa keekee ya umeme. Hakuwahi kufundishwa, alimtazama mumewe miaka thelathini, na Dafrosa akitazama kitu amekitazama. Alipiga kelele saa nne mpaka saa sita tu, majirani wakiwa kazini, kwa sababu hakutaka kumpa mtu yeyote lalamiko lenye ukweli ndani yake.

Kipimo cha tundu alikipata kwenye kitabu cha maktaba chenye picha: sentimita tatu kasoro kidogo, kwa ndege wadogo. Hapo alikitii kitabu. Lakini vijumba vya kwenye picha vilimkera. Vilikuwa na tundu tupu, bila mahali pa kusimama. Nyumba gani hiyo? Mgeni akija, apige hodi akiwa ananing'inia? Waswidi wenyewe ndivyo walivyo, alimwambia Deo, ukitaka kwenda kunywa kahawa kwa mtu mpaka utoe taarifa wiki mbili kabla. Nyumba isiyo na baraza ni stoo. Basi yeye akatia kila kijumba kijiti imara chini ya mlango, kiwe baraza. Na kwa ndani, kwa kuwa kutakuwa na watoto wachanga wasio na manyoya, alipiga msasa mbao mpaka zikawa laini kama kikombe. Mwisho akavinyunyizia maji ya baraka, kama inavyofanyiwa nyumba ya Mkristo yeyote kabla ya kuhamia.

Wiki ya mwisho ya Februari, theluji bado imelala uani, Deo alishika ngazi na Dafrosa akapanda mwenyewe, miaka sitini na sita, mabuti ya mumewe miguuni. Vijumba vitano, miti mitano. Watu walisimama kwenye roshani zao wakitazama. Mmoja alipiga makofi.

Liam alipata habari. Hakuja, wala hakumwandikia. Alimpigia simu Josefin.

Josefin ni mtoto wao wa pekee, amezaliwa hapa hapa, ni muuguzi, anakaa Upplands Väsby na mumewe. Alikuja jioni ile ile bila hata kuvua sare. Alisema kwa Kiswidi, kama kawaida yake, na mama akajibu kwa Kiswahili, kama kawaida yake. Kijana wa kampuni, alieleza, alikuwa na adabu sana, lakini amesema miti ni mali ya kampuni, kutundika vitu bila ruhusa ni kuvunja mkataba wa nyumba, na mpangaji anayevunja mkataba anaweza kuupoteza. Josefin aliogopa kweli. Alimsihi mama avitoe. Alisema na lile alilolisema kila mara, kwamba chumba cha Väsby kipo, kimepakwa rangi, kinamsubiri.

Dafrosa alimwachia amalize. Alimtilia chai.

"Namba yangu anayo," alisema. "Mlango wangu anaujua. Mimi nimo ndani, nakunywa chai, na yeye ampigie mwanangu kama vile nimeshazikwa?"

Josefin alisema labda kijana hakuwa na nia mbaya.

"Sijamsema nia. Mpigie umwambie mama yako anajua kusoma, na barua yake ameisoma mpaka chini. Akitaka nivitoe, aniandikie mimi, na aandike kwa nini."

Barua haikuja. Josefin aliondoka amekasirika, akambusu mama mlangoni hata hivyo.

Machi ikaingia, theluji ikawa matope, matope yakakauka. Kila asubuhi saa moja Dafrosa aliketi dirishani, rozari mkono mmoja, kikombe mkono wa pili. Ndege walikuja. Wadogo, kofia ya buluu, kifua cha njano, wale wanaoitwa blåmes. Walitua barazani kwake, wakachungulia, wakaingia, wakatoka. Hawakurudi. Siku ya pili wengine, vile vile. Miti mitano, vijumba vitano, wapangaji hakuna. Deo alimtania kwamba labda kodi ni kubwa. Dafrosa alicheka kidogo tu. Siku zilikuwa zinakwisha, na katika sala zake alianza kumuuliza Mungu ni wapi amekosea, kwa sababu kwamba amekosea hakuwa na shaka. Ndege hawana hila na mtu.

Alijibiwa Jumatatu ya Juma Kuu. Kidege cha kofia ya buluu kilikuja kwenye mti wa tatu na uzi wa kuvumwani wa magomeni mdomoni. Uzi. Dafrosa akashusha kikombe polepole. Ndege akaingia. Hapo hapo akatokea kigogota, mweusi na mweupe, amevaa nyekundu chini ya mkia kama mwenye chupi ya sikukuu. Akatua barazani, akajiweka sawa kama mwenye nyumba, akaingiza mdomo mzima mlangoni. Kidege kilitoka kwa kupenya ubavuni mwake, uzi ukaanguka chini, kikapotea. Kigogota alibaki pale pale amesimama, ametulia, akigonga gonga kizingiti.

Dafrosa alimtazama mpaka alipochoka na kuondoka.

"Baraza nimewawekea wageni," alisema peke yake, "aliyekaa ni mwizi."

Deo alikuja Jumanne baada ya zamu. Waliteremsha vijumba vyote. Dafrosa alivikata vile vijiti usawa wa ubao, kimoja baada ya kingine, hakusita. Kisha, kwa kuwa sasa alishajua kwamba huruma yake ina makosa, akaingiza kidole mlangoni akapapasa ndani. Laini. Kikombe kitupu. Mtoto wa ndege siku ya kutoka atapanda na nini? Akafungua paa la kila kimoja, akakwaruza ubao wa mbele kwa ndani na ncha ya msumeno, mistari ya kina, ngazi ya kucha.

"Hata baraza umebomoa," Deo alisema. "Sasa wewe Mswidi kamili, shemeji. Kesho utaniambia nitoe taarifa kabla sijaja."

"Nyamaza ushike ngazi."

Jua lilipotua vilikuwa juu tena.

Pasaka ikafika na vijumba bado vitupu. Baada ya misa walikula kwa Dafrosa: ndizi na nyama, wali, na keki ya Josefin. Josefin alikuwapo na mumewe, Deo alikuwapo, na Clementina, mama wa Kikenya anayeongoza jumuiya yao ya sala, ile inayokutana kila Jumamosi nyumba kwa nyumba. Zilibaki siku kumi. Watu walikula wakizunguka jambo lenyewe, mpaka Deo alipoinuka akaleta mfuko kutoka kwenye koti lake, akaumimina mezani kando ya sahani ya keki. Kuvumwani, nyasi kavu, manyoya ya mto.

Alieleza mpango wake kwa kujiamini. Siku moja kabla atapanda na kuvijaza vijumba vyote. Kijana wa kampuni akifungua, ataona kiota. Nani atamwita ndege atoe ushahidi?

Mume wa Josefin alicheka. Josefin alifunika uso. Clementina alisema huo ni uongo, lakini yeye ana njia safi. Jumatano ile awaite wanajumuiya wote, watu ishirini, waje na viti vyao, waketi chini ya miti na kusali rozari, mafungu yote, wakimaliza waanze tena.

"Nani ataangusha mti juu ya watu wanaomba, Mama Josefin?" aliuliza. "Hata huyo wa saw ako na mama."

Dafrosa alilifikiria hili la pili zaidi ya lile la kwanza. Wote walimwona akilifikiria. Kisha akakusanya manyoya ya Deo kwa kiganja, akayarudisha mfukoni, akaufunga.

"Sala nampelekea Mungu," alisema. "Siwezi kuifanya fensi. Nikisali pale huku jicho liko kwa mwenye msumeno, nimemwita Mama Maria aje kunilindia banda."

"Basi utashindwa," Deo alisema, na safari hii hakutania. "Mti wa kaka utaanguka, na utakuwa umeuangusha wewe kwa ukweli wako."

"Ukianguka, umeangushwa na msumeno wao." Aligeuka akamtazama. "Yule kijana ameshaniandika kichwani mwake kwamba mimi ni mama asiyejua kitu, wa kudanganya na kudanganyika. Ananisubiri hapo. Simpi."

Josefin aliondoa mikono usoni. Akaanza kukata keki.

Alhamisi baada ya Pasaka ndege walikuja. Si kwenye mti wa tatu. Walikuja kwenye wa tano, ule uliopinda kando ya banda la taka, mti mbaya kuliko yote, ambao Dafrosa aliutundikia kijumba kwa ajili ya haki tu. Aliwaona kutoka jikoni akiosha vyombo. Mmoja alileta kuvumwani, akaingia. Akatoka, akaleta nyingine. Akaleta manyoya meupe ya mbwa. Siku nzima, na kesho yake, na keshokutwa, wakiingia na kutoka kama wenye haraka ya kuhamia. Kigogota alipita mara moja, akajaribu kutua, hakupata pa kuweka mguu, akaenda zake. Dafrosa aliimba peke yake jikoni.

Lakini kila alipotoka jikoni alirudi chumbani, kwenye dirisha la Kasiani. Jumapili jozi moja ilikuja kwenye mti wa tatu. Ikachungulia. Jike likaingia, likakaa humo kwa muda wa Salamu Maria tatu, likatoka. Jumatatu likaja na uzi mmoja wa kuvumwani, likaingia nao, likatoka bila huo uzi. Dafrosa hakulala mchana, hakupika. Jumanne hakuja yeyote.

Jumatano saa mbili asubuhi liliingia lori jekundu lenye kreni, na wanaume watatu wenye kofia ngumu. Mkubwa wao, Mikael, alikuwa na ndevu mpaka kifuani na mwendo wa mtu asiye na haraka. Liam alikuja na gari lake, amebeba kibao cha kuandikia cha umeme. Dafrosa alikuwa ameshateremka, amevaa gauni la kanisani na koti zito juu yake. Deo, aliyeomba ruhusa kazini, alisimama nyuma yake. Watu walijaa kwenye roshani.

Liam alimsalimu, akaanza, neno moja moja, kumweleza kwamba leo vitu vyake vitateremshwa. Dafrosa alisubiri mpaka mwisho wa sentensi. Kisha akausema ule mstari wa chini ya sahihi, wote, kwa Kiswidi, kwa kichwa, bila kukosa neno.

Mikael akamgeukia Liam. "Umo kwenye barua?"

Liam alikubali kwamba umo. Lakini vile vijumba, alisema, mama huyu kavitundika juzi tu, makusudi, na havina kitu.

"Nimevitundika makusudi," Dafrosa alisema. "Nani hutundika kijumba kwa bahati mbaya?"

Mtu kwenye roshani alicheka. Mikael hakucheka, lakini ndevu zilisogea. Akamwomba Dafrosa atembee naye, amwambie mti kwa mti.

Wa kwanza. Dafrosa alisema hamna. Wa pili, hamna. Liam aliandika. Wakafika wa tatu, wakasimama chini yake. Deo nyuma alikohoa, kikohozi kirefu kisicho na mafua. Dafrosa aliinua macho, yakapita kwenye kijumba yakaenda mpaka dirishani, kwenye pazia alilolishona mwenyewe. Jike lilikaa humo Salamu Maria tatu. Uzi ule umo ndani mpaka sasa. Ni ndege anayejenga, nani angesema siye? Uongo mtupu angeutema bila taabu. Huu ulikuwa na nusu ya ukweli ndani yake, na nusu ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Na huu?" Mikael aliuliza.

"Walikuja kuangalia," alisema. "Hawakurudi. Huu hamna."

Deo aligeukia ukutani. Wa nne, hamna. Walipofika wa tano, uliopinda, Dafrosa hakungoja kuulizwa.

"Huu una wenyewe. Tangu Alhamisi. Wameshatandika, wanangoja kutaga."

Liam alisema lazima ihakikishwe, mtu apande afungue paa. Dafrosa akaenda akaegemeza mgongo kwenye shina, mikono kwenye mifuko ya koti. Hakusema kwamba haondoki. Alisimama tu, kama anayesubiri treni.

"Hatupandi," Mikael alisema. "Tukiwafungulia paa watahama, halafu tutasema hawakuwapo."

"Tutajuaje basi?" Liam aliuliza. "Anaweza kusema lolote."

Mikael alinyoosha kidole kwenye ghorofa ya tatu, kwenye pazia. "Lile ni dirisha lako?"

Dafrosa alisema ndiyo.

"Mtu wa kusema lolote," Mikael alimwambia Liam, "angelisema kwenye ule." Akachukua kamba nyekundu na nyeupe kutoka lorini, akauzungushia mti uliopinda mara mbili, akafunga fundo.

Iliwachukua mpaka saa saba kuangusha ile minne. Dafrosa hakupanda juu. Mti wa tatu ulipoanza kuegemea alivua kitambaa cha kichwa, upepo wa Aprili ukampiga mvi, akausindikiza kwa Baba Yetu mpaka ulipogusa ardhi. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke mbele za watu. Hakuwa na haya nayo. Muda wote huo mgongo wake ulikuwa kwenye ule wa tano. Msumeno uliponyamaza, uani palikuwa na mwanga mwingi mno, kama nyumba iliyoezuliwa. Walisubiri kidogo wote, hata Liam. Juu ya kichwa cha Dafrosa kitu kikachakura. Kichwa cha buluu kilitoka mlangoni, kikatazama maangamizi kulia na kushoto, kikaruka. Hakikukaa. Kilirudi na manyoya.

Liam alikifunga kibao chake. Alimwambia Dafrosa, kwa kasi ya kawaida sasa, kwamba basi huu utangoja mpaka Agosti.

"Agosti nami nipo," Dafrosa alisema. "Na kijana, ukiwa na neno nami, usimpigie mwanangu."

Masikio ya Liam yalishika rangi. Alisema sawa.

Vipande vya ile minne vililala kwenye nyasi, maganda meupe, ndani rangi ya maziwa yenye chai. Dafrosa alivizunguka, akakigonga kimoja kwa kisigino. Mti wa tatu, alioambiwa umezeeka, ulikuwa mzima mpaka moyoni. Alimwuliza Mikael kama angeweza kumkatia vipande vya urefu wa mkono, hadi kwenye kiwiko, kutoka kwenye ule. Liam alisema mbao ni za kampuni na zimeshaandikiwa mahali pa kwenda. Mikael alisema ndiyo, zinakwenda kusagwa, akawasha msumeno, akakata vipande kumi na viwili kabla yule kijana hajapata neno la pili.

Ua wa jirani, ng'ambo ya njia ya miguu, una miti tisa. Wapangaji wa kule walishapata barua yao. Ilisema yao itakatwa mwaka ujao.

Deo alipakia vipande kwenye lifti huku akilalamika mgongo, na kwamba kaka yake alioa fundi bila kumwambia mtu. Walivipanga chini ya dirisha la chumbani, ambako jua sasa liliingia bila kupingwa mpaka mlangoni. Dafrosa hakutazama nje. Alichukua penseli akachora duara juu ya kipande cha kwanza, akipima unene wa kuacha ukuta. Kitabu cha maktaba kilisema gogo la kijumba huchimbwa kwa patasi, na Kasiani, fundi wa vyuma, hakuacha patasi.

Simu ikalia. Josefin alikuwa ameona picha, jirani kazirusha mtandaoni. Alisema kwa Kiswidi kwamba anasikitika sana kwa mti wa baba. Akasema labda sasa, kwa kuwa yamekwisha, mama apumzike, aje Väsby hata kwa wiki mbili.

"Hayajaisha. Jumapili ukija, niletee patasi."

Dafrosa aliendelea kuchora.

"Ya upana gani?" Josefin aliuliza.

"Pana, mwanangu. Miti yenyewe minene."